Maandishi Makubwa ya Shangazi

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilipokuwa na miaka ishirini na mbili zilikuwa karibu zaidi. Siku hizo hakuna kilichoziwasha upesi kama doa la mafuta kwenye kioo cha kompyuta. Kila asubuhi nilipofungua ofisi ya shangazi yangu, pale Singida mjini, nyuma kidogo ya stendi, nililikuta katikati ya kioo: doa la mafuta ya mgando, kubwa kama sarafu. Nilichukua kitambaa nikafuta huku nikiwasema wateja wote wa jana yake. "Nani huyu anayekuja kubusu kompyuta ya watu? Kwake hakuna wa kumbusu?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Nikikumbuka kicheko kile leo, natamani ningeufunga mdomo wangu kwa uzi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, meza mbili, mashine ya chapa ya zamani ambayo alikataa kuitupa, na kompyuta iliyovalishwa kitambaa cha kufuma kwa ajili ya vumbi. Upepo wa Singida mnaujua, hauna adabu. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mpiga chapa wa serikali zaidi ya miaka ishirini. Ulipofika wakati ule wa kupunguza watumishi, kila mtu anaambiwa ajiajiri, naye jina lake likasomwa. Wenzake walinunua mashine za kukamua alizeti, wengine wakafungua maduka. Yeye kiinua mgongo chake alinunulia kompyuta iliyokwisha kutumika na watu wengine. Mji ukamshangaa. Wapo waliosema mama wa watu amenunua televisheni isiyoonyesha mpira.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, aliyoileta kutoka serikalini. Kwake mteja haachi karatasi na kuondoka. Anakaa kwenye kigoda pembeni ya meza na kusoma kwa sauti, kama wakubwa zake walivyokuwa wakimsomea, na asiyejua kusoma anasema tu yaliyo moyoni mwake. "Soma, nasikia," alikuwa akisema. Kisha anainua uso kuelekea dari, anatulia kabisa, na vidole vinaondoka. Mkulima wa Mgori na maombi yake ya shamba, katibu wa kwaya, mwalimu mkuu na mtihani wa muhula, wote walikaa kwenye kigoda kile wakamtazama kwa mshangao, mtu anaandika bila kutazama chochote! Mimi nilijivunia jambo hilo kuliko yeye. Na kwa kuwa alikuwa hatazami chochote, hakuna aliyejiuliza macho yake yanaona nini.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta Dodoma, miezi sita, na nimerudi na cheti. Shangazi mwenyewe alikitia fremu akakitundika ukutani, juu ya cheti chake cha kupiga chapa. Nilikitazama kila nilipoingia. Nilivimba kichwa, kwa nini nifiche.

Sasa, siku moja picha ikaanza kukatika vipande kwenye kioo, mistari ikapanda na kushuka, kisha giza. Sipiyu, lile sanduku la mashine, inanguruma kama kawaida lakini kioo kimekufa. Nikajaribu monita ile kwenye kompyuta ya jirani, ikawaka. Nikatangaza kama daktari kwamba kadi ya video, ile inayopeleka picha kwenye kioo, imeungua na inatakiwa nyingine. Shangazi akaenda kwenye kibanda cha simu kumpigia mwanawe wa pekee, aliyekuwa Dar es Salaam. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni akitazama nje, akaniambia bila kugeuka.

"Kadi ataituma kwa basi. Na mwenyewe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Anasema akikuta mashine haifanyi kazi, au mimi kazi imenishinda, tunafunga na ninaondoka naye."

"Kwenda wapi?"

"Kwake. Kukaa sebuleni nitazame ukuta mpaka wanizike."

Nilikuwa sijawahi kumwona shangazi akiogopa kitu, wala fisi, wala mkuu wa wilaya. Siku ile alikuwa anaogopa. Nikamwambia, "Shangazi, usiwe na wasiwasi. Nipo." Nikamaanisha cheti changu.

Kadi ilifika Jumatatu ndani ya boksi la biskuti, imezungushiwa fulana ya mtoto. Kondakta alirudi Dar na jogoo wetu na dumu la mafuta ya alizeti kwa ajili ya kaka, maana kwa shangazi hakuna basi lililokwenda Dar bila kitu chake. Nikafungua sipiyu, nikapuliza vumbi kwa pampu ya fundi baiskeli, nikachomoa kadi iliyokufa, nikachomeka mpya, nikakaza skrubu. Shangazi alisimama nyuma yangu na mikono kifuani kama yuko kanisani. Nikawasha.

Kikawaka! Nikaruka. Lakini jamani, ile ilikuwa picha gani? Vipicha vya kubonyeza vimekuwa vikubwa kama visosi. Rangi zimebaki chache na za kelele, kama kanga iliyofuliwa vibaya. Barua ya ukurasa mmoja haiingii kwenye kioo. Inaonyesha mistari michache, ukitaka mingine uvute chini. Nikamweleza shangazi kwamba kompyuta haijaitambua kadi. Bila draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha, inatumia rezolusheni ya chini kabisa, ile ya kusogezea siku, na boksi la biskuti lilikuwa halina diski ya draiva.

Shangazi akavuta kiti. Akakaa, akaegemea nyuma, akatazama.

"Mbona iko vizuri," akasema.

"Siyo vizuri, shangazi. Mbovu."

"Mbovu wapi? Naona mpaka saa, pale chini kwenye kona."

Nikadhani ananifariji, na mimi kufarijiwa kulinitia hasira kuliko kusemwa. Nikamwambia nitaitengeneza, kaka akija atakuta kioo kama cha benki. Akasema, "Hakuna haraka, mwanangu." Sikumsikia.

Siku tatu zile shangazi alikuwa akiimba. Asubuhi alitangulia kufika kabla yangu. Alisahihisha kazi zake mwenyewe, hakuniita hata mara moja kusema njoo unitafutie ule mstari wa tatu. Yote hayo niliyaona, na sikuyaona. Kichwa changu kilikuwa kwenye draiva. Mjini kulikuwa na sehemu moja tu ya intaneti, inayotumia laini ya simu, na nilikaa pale Jumatano nzima nikisubiri faili moja lishuke. Likashuka hadi karibu na mwisho, umeme ukakatika. Nikaanza upya. Halafu likawa kubwa kuliko flopi, ile diski ndogo ya kubebea mafaili, ikabidi likatwe vipande vitatu, na flopi ya tatu ikagoma kusoma nilipofika ofisini. Nikarudi tena kwa miguu, kijua kile cha saa tisa, nikiongea peke yangu njiani. Watu wakanipisha.

Alhamisi asubuhi nikaingiza draiva. Ikakubali. Nikafungua mahali pa kuchagua rezolusheni na kwa tamaa nikavuta mpaka mwisho. Kioo kikawa cheusi tii.

Nikaondoa mkono kwenye mausi. Nilijua kitabuni kwamba monita ikipewa picha isiyoiweza inazima, na usipogusa kitu, baada ya sekunde kumi na tano hali ya mwanzo inarudi. Lakini kujua kitabuni ni kitu kingine. Nilihesabu kwa sauti. Ikarudi. Nikachagua ya chini yake, nikarekebisha rangi, na pale, jamani, ikatulia. Ukurasa mzima, kutoka anwani ya juu mpaka saini ya chini, rangi laini, vipicha vidogo vimejipanga pembeni. Nilikuwa sijaona kitu kizuri hivyo tangu nizaliwe.

"Shangazi, njoo uone!"

Akaja. Akainama kidogo, akanyooka.

"Ee," akasema. "Safi sana. Kweli umesoma."

Kisha akatoka kwenda kumsalimu mama muuza nyanya, na hakurudi mpaka saa sita.

Mchana wake alikuja mzee mmoja kutoka Iguguno na barua ya kumwombea binti yake uhamisho wa shule. Akasoma, shangazi akaandika, dari ikatazamwa, kila kitu kama siku zote. Halafu mzee akasema, "Samahani, mama, hapo niliposema kuhusu ugonjwa, tupaondoe." Shangazi akashika mausi. Nikaona mshale unatangatanga kwenye kioo, unakwenda juu, unashuka, unapita palepale panapotakiwa bila kusimama. Shangazi akauachia.

"Mzee, njoo kesho asubuhi."

Kesho! Nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo likitoka katika kinywa chake kwa mteja. Mzee akasema kwa unyonge, "Mama, mimi nimetoka Iguguno." Nikainuka, nikaufuta ule mstari mwenyewe, nikachapa barua, mzee akaondoka akishukuru. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasonya kimoyomoyo. Nikajisemea kwamba shangazi amezeeka, vitu vipya vinamshinda, labda kaka anasema kweli.

Ijumaa asubuhi nikafungua ofisi, na doa lilikuwa pale.

Nikachukua kitambaa. Nikafungua mdomo niwaseme wateja. Halafu nikasimama. Jumanne asubuhi halikuwapo. Jumatano halikuwapo. Alhamisi asubuhi, kabla sijaingiza draiva, kioo kilikuwa kisafi. Siku zote tatu za maandishi makubwa kilikuwa kisafi, na jana nimetengeneza, na leo doa limerudi. Nikavuta kiti cha shangazi nikakaa. Nikajisogeza kwenye kioo, polepole, mpaka pua yangu ikagusa. Ikagusa palepale. Na doa lilikuwa linanukia mafuta yake, yale ya kopo la kijani aliyokuwa akinipaka nikiwa mtoto.

Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, kitambaa mdomoni, nikiogopa muuza nyanya asisikie. Kumbe mtu mwenyewe anasubiri nitoke, ndipo anasogea kutafuta maneno kwa pua. Miezi mingapi? Na mimi ninamcheka kila asubuhi, naye anacheka pamoja nami ili nisijue. Na zile siku tatu za kuimba alikuwa amerudishiwa macho yake na kadi isiyo na draiva, na mimi nikazunguka mji mzima juani kwenda kumnyang'anya.

Mtu atauliza kwa nini sikumwambia. Kwetu huwezi kumsimamia mtu aliyembeba baba yako mgongoni ukamwuliza, "Shangazi, hivi unaona?" Hata ukiuliza kwa upendo ni tusi. Na yeye hawezi kumwambia mtoto, kwa sababu akishasema, limekuwa neno, na neno lina miguu, litafika Dar kabla ya basi. Nilifikiria kukuza ukurasa tu ndani ya programu ya kuandikia. Nikajaribu. Barua inakua, ndiyo, lakini menyu na majina ya mafaili yanabaki vilevile kama sisimizi, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpoteza. Nikafungua mahali pa rezolusheni, nikavuta nyuma mpaka chini kabisa. Vipicha vikavimba, vikawa visosi.

Akaingia saa mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Shangazi, mashine imerudi kama juzi. Sijui imekuwaje."

Akakaa. Akatazama kioo kwa muda. Mimi nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza.

"Basi iache," akasema. "Usiisumbue tena."

Hakunitazama, nami sikumtazama. Dakika kumi baadaye akaanza kuimba.

Jumamosi kaka akafika, shati jeupe, simu kiunoni, mikono imejaa mikate ya Dar. Namwita kaka kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mtoto wa shangazi ni ndugu. Alikuwa mtu mwema, na anampenda mama yake kweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Alimsalimu mama yake, akazunguka chumba, akapapasa ukuta uliopasuka, akahema. Kisha akaiona kompyuta.

"He! Hii ndiyo kadi niliyotuma? Mbona maandishi kama ya chekechea?" Akanigeukia mimi. "Wewe si una cheti? Hii ni rezolusheni tu, mtu wa wiki moja anaiweza."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Flopi tatu zilikuwa ndani ya droo, sentimita chache kutoka mkono wangu. Cheti kilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye fremu. Nilikuwa na maneno ya kumjibu, tena matamu. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Imenishinda, kaka," nikasema.

"Imekushinda?"

"Imenishinda. Nimejaribu wiki nzima. Sijui."

Akacheka. Siyo kwa ubaya, lakini akacheka, akasema walimu wa Dodoma wanakula hela za watu bure, akavuta kiti ili atengeneze mwenyewe. Nikaona mkono wake unakwenda palepale, kwenye ile sehemu ya kuvuta. Nikamwambia kwa upole ambao sikuwa nao, "Ukipenda, vuta mpaka mwisho kabisa. Labda wewe itakukubali."

Akavuta mpaka mwisho. Kioo kikawa cheusi tii.

Kaka akaruka kama ameguswa na umeme. "Nimefanya nini? Nimeiua? Mama, sikugusa kitu!" Akaanza kupiga monita mgongoni. Mimi nikasema monita hii ya zamani, kadi mpya inaizidi, inatakiwa uiombee tu. Moyoni nahesabu: kumi na mbili, kumi na tatu. Ikarudi, na maandishi yake makubwa. Kaka akafuta jasho, akasukuma kiti nyuma. "Basi, basi. Iacheni hivyo hivyo. Isiguswe."

Hapo ndipo shangazi alipozungumza. "Umemaliza kucheza? Kaa kwenye kigoda. Nisomee."

"Nikusomee nini, mama?"

"Chochote. Umekuja kuona kama kazi imenishinda. Soma, nasikia."

Kaka akatoa gazeti la basi mfukoni, akasoma habari ya bei ya mbegu, kwanza kwa utani, halafu kwa kasi ili amkamate. Hakumkamata. Alipomaliza akasema, "Sasa mama, toa ile sentensi ya vitunguu." Shangazi akashusha uso kutoka darini. Akashika mausi. Mshale ukaondoka ukaenda moja kwa moja kwenye vitunguu, ukasimama, sentensi ikafutika. Kisha akasogea chini, akapata kosa jingine ambalo kaka hakuliona, akalisahihisha, bila kuinama hata kidogo.

Kaka akashusha gazeti mapajani. "Bado uko vilevile, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Basi kaa na ofisi yako." Akaenda kuwasalimu wakwe zake, na jambo la sebuleni likaisha.

Tukabaki wawili. Ilikuwa saa kumi, upepo unagonga mlango. Nilikuwa bado na hasira ya lile neno la walimu wa Dodoma, ninapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Umesema uongo leo," shangazi akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Umeaibika mbele ya kaka yako, bure."

"Sijaaibika."

Akavuta mkoba wake kutoka chini ya meza. Alipekua kwa vidole muda mrefu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshakuwa myeusi. Akaiweka mbele yangu. Ilikuwa ya kliniki ya macho, maandishi madogo ya kuchapwa, na mhuri wa miezi minane nyuma.

"Nisomee," akasema.

Nikaanza kuisoma kimya kimya.

"Kwa sauti," akasema, na akageukia kompyuta, akafungua ukurasa mpya, akaweka vidole tayari. "Polepole. Nataka niisome mwenyewe."

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikamsomea neno kwa neno, mtoto wa jicho, macho yote mawili, inaweza kuondolewa, na yeye akaandika, uso darini kama kawaida yake. Tulipofika mwisho akashusha uso. Maandishi yalikuwa makubwa yamejaa kioo kizima. Akayasoma polepole, midomo inacheza, akavuta chini, akasoma tena, mpaka akafika mstari wa mwisho, uliosema mgonjwa afike na mtu wa kumsindikiza. Hapo akanigeukia.

"Jumatatu una kazi gani?" akaniuliza.

Nikasema sina kazi yoyote.